Chupa 38 za mkojo, umeme umekatika: bado kuna kitu humo ndani?

Mama_Hadubini

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nina miaka 11 kwenye benchi la mkojo. Stripu (kile kijikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo), sentrifuji, hadubini, andika kwenye rejista, mwite anayefuata. Mgonjwa wa sukari aliyeacha dawa kimyakimya namjua mimi kabla ya daktari wake. Mwaka jana nikajitia kiherehere nikarudi shule, nafanya uzamili, na sasa nimekwama.

Mada yangu ni vile vijifuko vidogo sana ambavyo seli za figo huvitoa na kuvitupa kwenye mkojo. Wengi wanaviita eksosomu. Kilichoniingiza humu ni makala ya 2004 ya Pisitkun, Shen na Knepper wa Bethesda, Marekani. Walichukua mkojo wa watu wenye afya zao, wakauzungusha kwa kasi ya ajabu, na kwenye vijifuko walivyovipata wakatambua protini 295. Humo kulikuwa na akwaporini-2, ule mlango wa maji wa figo, na protini nyingine kadhaa ambazo ukizikosa au zikiharibika unapata ugonjwa wa figo au wa presha. Yaani kipande cha figo kimekuja chenyewe kwenye kikombe, hakuna sindano wala kisu.

Niliposoma hapo nikaweka karatasi chini. Wenzangu wa maabara mnajua tunavyofanya: unazungusha mkojo, unamwaga maji ya juu kwenye sinki, unaangalia mashapo. Miaka 11 nimekuwa namwaga ile sehemu yenye habari!

Sababu nyingine ni ya nyumbani. Mjomba wangu alikuwa na sukari, na stripu yake ya protini niliisoma kwa mkono wangu: hasi. Nikamwambia uko salama, mjomba. Sasa hivi yuko kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Natafuta kitu kinachosema mapema kuliko stripu.

Sasa yaliyonikuta. Nilikusanya chupa 38 kutoka kliniki ya sukari, nikaziweka kwenye friza ya nyuzi -20, ndiyo tuliyonayo. Ijumaa usiku umeme ukakatika, ukarudi Jumapili mchana. Jenereta inalisha jokofu la damu na chumba cha upasuaji, mkojo wangu haumo kwenye orodha ya wanaostahili. Jumatatu nakuta zimeyeyuka zikaganda tena, na nilipoziyeyusha kila chupa ina mabonge meupe yanaelea, kama tui lililokatika. Nikazungusha mizunguko 4,000 kwa dakika, nusu saa. Chini ya tyubu nikapata punje nyeupe kubwa kama mtama. Nikafurahi, nikampigia picha msimamizi wangu. Akajibu neno moja, "Siyo," kisha akasafiri.

Ile punje ni nini? Chupa 38 naziokoa au namwaga? Na mtu asiye na ile sentrifuji kubwa anaanzia wapi, au niombe mada nyingine?

---

Mtanga_Rotterdam

Dada, pole kwanza na umeme. Mimi mtoto wa Tanga, mwaka wa sita huu niko Rotterdam na kazi yangu ni hii hii. Mama mpaka leo anawaambia majirani nasomea udaktari wa moyo. Haoni namna ya kuwaambia mwanawe kavuka bahari kwenda kuchungulia mikojo ya watu.

Msimamizi wako kasema kweli ila kakunyima maelezo. Chukua rula, fungua kifuniko cha sentrifuji yako ikiwa imezimwa, pima kutoka katikati ya mhimili hadi kitako cha tyubu ikiwa imelala. Tuseme umepata sentimita 16. Zidisha 4,000 kwa 4,000, zidisha kwa 16, kisha kwa 0.00001118. Jibu ni kama 2,860, na hiyo ndiyo nguvu halisi, g 2,860, yaani mara 2,860 ya mvutano wa dunia. Idadi ya mizunguko peke yake haisemi kitu, mashine mbili zenye mizunguko sawa zinaweza kuvuta kwa nguvu tofauti kabisa. Watu wa Bethesda walitumia g 17,000 kwa kuondoa takataka tu, ndipo wakapanda hadi g 200,000 kwa saa nzima kushusha vijifuko. Vyenyewe vina nanomita 30 hadi 150 hivi. Hadubini yako ya mwanga haivioni hata ukikodoa macho mpaka alfajiri, na punje ya mtama ya vijifuko sijawahi kuiona maishani. Yangu mimi huwa ni kivuli tu ukutani mwa tyubu, nakizungushia wino kwa nje nisikipoteze.

Tui lako lililokatika lina jina: uromodulini. Igor Tamm na Frank Horsfall waliieleza mwaka 1950, wakiwa wanatafuta kitu kwenye mkojo kinachozuia virusi kugandisha chembe za damu. Hutolewa na sehemu nene ya kitanzi cha Henle, kimrija kilichomo ndani ya figo, na kwa mtu mwenye afya ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye mkojo. Tabia yake ni kushikana mikono. Moja inaishika nyingine mpaka zinakuwa nyuzi ndefu, nyuzi zinakuwa wavu, na baridi na chumvi vinaukaza ule wavu. Sasa fikiria dagaa: vijifuko vyako vingi vimenasa humo. Ukitupa mabonge umetupa na dagaa. Ukiyapeleka kwenye mashine ya kutambua protini, nayo itakuimbia uromodulini, uromodulini, uromodulini, na zile chache unazozitaka hazitasikika. Dawa inayotumika sana ni DTT, inayokata vifungo vya salfa vinavyoushikilia wavu. Ukiiweka na kupasha joto kidogo, nyuzi zinaachia.

Friza yako sasa. Hapa nina kidonda. Mwaka wangu wa kwanza rafu ya -80 ilikuwa na foleni, nikaziweka sampuli zangu -20 nikijua nazihamisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi wa tatu. Nilipopima NCC, protini inayobeba chumvi kwenye figo, mistari ya kipimo ikawa hafifu kama mwandiko wa penseli iliyofutwa. Miezi miwili nailaumu antibodi, ile inayoitambua NCC, nikaagiza nyingine, hali ile ile. Kumbe ni friza. Na lilishaandikwa tangu 2006: kundi la Zhou walilinganisha, wakakuta -20 inapoteza sehemu kubwa ya vijifuko, ila -80 unavipata karibu vyote, kwa sharti kwamba ukiyeyusha unatikisa kwa nguvu kwenye mashine ya votekisi. Kugeuza chupa juu chini mara mbili kama dawa ya kikohozi hakutoshi. Walionyesha pia kwamba bila vizuizi vya proteasi, vimeng'enya vya kwenye mkojo vinazikatakata protini zako. Vitie siku ile ile unapokusanya. Na usihangaike sana na mkojo wa kwanza wa asubuhi au wa pili, wao hawakuona tofauti kubwa.

Kwa hiyo chupa 38: usimwage, na usiziandike kwenye tasnifu. Hizo ni za kujifunzia mkono. Jaribu DTT, jaribu kutikisa, haribu upendavyo. Heri uharibu hizo.

Sentrifuji kubwa si lazima. Ondoa seli na takataka kwa mashine uliyonayo, punguza ujazo kwa vile vichujio vinavyozungushwa ndani ya tyubu, kisha pitisha kwenye safu ya Sefarozi. Safu ni kama bomba lililojaa vidonge vyenye matundu. Protini ndogo zinaingia kwenye matundu na kuchelewa, vijifuko havitoshi kuingia hivyo vinapita pembeni na kutoka kwanza. Inafanya kazi kwa uzito wa maji tu, umeme ukikatika inaendelea. Hii kwa wagonjwa wako ina faida nyingine: mtu wa sukari aliyeanza kuvujisha albumini, albumini hiyo hushuka pamoja na vijifuko kwenye sentrifuji kubwa na kufunika kila kitu. Safu inaitenga vizuri zaidi. Uromodulini yenyewe haikutoki hivyo, nyuzi zake ni ndefu zinatoka pamoja na vijifuko, ndiyo maana DTT inatangulia.

Na kwenye maandishi usiseme "eksosomu" kwa uhakika. Sema vijifuko vya nje ya seli. Miongozo ya kimataifa ya watafiti wa vijifuko, MISEV, ya 2018 na ya 2023, inataka uthibitishe vilikotoka kabla ya kuvipa jina hilo. Onyesha protini zinazotakiwa kuwapo, kama CD63 na TSG101, na onyesha pia uchafu uliobaki ni kiasi gani. Mtahini atauliza hapo.

Swali lako la kuanzia wapi nitalirudia kesho, hapa saa sita usiku na jirani anagonga ukuta kwa sababu ya kibodi.

---

Kwale_Msambweni

Dada, mimi naandika kutoka Kwale, pwani ya Kenya, na sitaki kukuvunja moyo, lakini kuna mambo Mtanga huko aliko hayamkuti. Huku kwetu kichocho kipo. Mayai ya Schistosoma haematobium yanakwaruza kibofu, mkojo una damu, una protini, una seli za uchochezi, na vijifuko vya kila namna kutoka kwenye ukuta wa kibofu wala si figo. Sasa utachukua mgonjwa wa sukari mwenye kichocho asichokijua, umlinganishe na mzima asiye nacho, upate protini 60 "za kisukari". Utakuwa umegundua kichocho kwa gharama ya kununua gari!

Kila chupa, kabla haijaenda popote, chuja mililita 10 uangalie mayai. Na chukua mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai yanatoka kwa wingi. Hii unaijua kuliko mimi.

La pili wanaume. Tezi dume nayo inamwaga vijifuko vyake kwenye mkojo. Ukichanganya wanaume na wanawake bila hesabu, unapima jinsia.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma. Uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo ni kipimo kilichopo, kinajulikana, kinaona albumini wakati stripu ya kawaida bado inasema hasi. Wagonjwa wangapi wa kliniki yako wamewahi kupimwa hicho hata mara moja? Kwani tunakimbilia nanomita 100 za nini, ikiwa kipimo cha jana hatujakifikisha kwa watu?

---

Mama_Hadubini

Kwale, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Kati ya wagonjwa 38 waliopimwa huo uwiano ni wanne. Mjomba wangu hakupimwa kamwe. Stripu ilisema hasi nami nikaridhika, sikujua hata pa kuuliza.

Hata hivyo sikubali moja kwa moja. Albumini ikionekana maana yake chujio limeshaanza kuvuja. Na wapo wanaopoteza figo kwa sukari bila albumini kupanda sana, naambiwa darasani. Hao utawaona kwa kipi?

---

Dereva_Mstaafu

Samahani naingilia mazungumzo ya wasomi. Mimi nina sukari mwaka wa tisa. Hiki kipimo cha vijifuko kinapatikana wapi Dar na ni shilingi ngapi? Maana nikisoma hapa naona kama ndicho nilichokuwa nakitafuta.

---

Mtanga_Rotterdam

Mzee shikamoo. Kipimo hicho cha figo hakiuzwi Dar, na huku niliko daktari wa kawaida hakiagizi kwa mgonjwa wa sukari. Bado ni kazi ya watafiti. Mtu akikuuzia, mkimbie. Unachoweza kuomba kliniki wiki hii ni viwili: ule uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, na kreatinini ya damu ili wakokotoe figo zinachuja kiasi gani. Na presha yako usiiache nyuma. Ukienda, waambie unataka namba, wasikuambie "iko sawa" tu.

Dada, nilikuahidi. Kwale kakupiga penye mfupa na mimi naongezea chumvi.

Ukipeleka vijifuko kwenye spektromita ya masi, ile mashine ya kutambua protini, utarudishiwa orodha ya kutisha. Mwaka 2009 kundi lile lile la Knepper walifika protini 1,132. Sasa chukua wagonjwa 20 na wazima 20, linganisha protini 1,000 moja moja kwa kile kipimo cha asilimia 5 tunachofundishwa. Hata kama hakuna tofauti yoyote duniani kati ya makundi hayo, protini kama 50 zitakuambia zipo tofauti, kwa bahati tu. Watu wameandika makala na hizo 50, wakaziita bayomaka, yaani alama za kuutambua ugonjwa. Mwaka unaofuata kundi jingine linapata 50 nyingine kabisa. Nina rafiki anaziita bayomaka za harusi: siku ile zinapendeza, baadaye huzioni tena.

Zilizosimama ni zile zilizoanza na swali la mwili. Mfano, ugonjwa wa Gitelman, wa kurithi, unaofanya figo zipoteze chumvi: kuna hitilafu kwenye jeni la NCC, basi ukiangalia vijifuko vya mkojo unaikuta NCC imepungua au haipo. Kinyume chake, aldosteroni, homoni ya kutunza chumvi, ikizidi, NCC inapanda, hapa Rotterdam waliionyesha kwa wagonjwa mwaka 2012. Ugonjwa wa figo za malengelenge unaorithiwa, protini zake ziitwazo polisistini zipo kwenye vijifuko, na watafiti wa Mayo Clinic mwaka 2015 walionyesha kwamba kwa wenye hitilafu ya jeni la PKD1 kiasi cha polisistini ukilinganisha na protini iitwayo TMEM2 kinashuka. Angalia walivyofanya: waligawa protini moja kwa nyingine ya kijifuko hicho hicho. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyekunywa lita moja ya maji na aliyefunga tangu jana hawana mkojo mmoja. Ukigawa kwa kreatinini unasaidika kiasi, ukihesabu vijifuko unasaidika kiasi, na hakuna anayeshinda mabishano haya kwenye mikutano. Wewe chagua moja, eleza kwa nini, na onyesha matokeo kwa njia ya pili pia.

Kuhusu mapema kuliko kreatinini, ndoto yako si ya kijinga. Panya waliopewa sisplatini, dawa ya saratani inayoumiza figo, protini iitwayo fetuini-A kwenye vijifuko vya mkojo ilipanda zaidi ya mara 50 siku ya pili, siku moja kabla ya kreatinini ya damu kusogea. Lakini hao ni panya, wamepigwa sumu siku moja, saa inajulikana. Sukari inakula figo miaka 15 polepole, huku mtu anapata malaria, UTI, kichocho, anakunywa dawa za maumivu za dukani. Ndiyo kazi ilivyo ngumu.

Ningekuwa wewe nisingetafuta bayomaka kabisa kwenye uzamili huu. Ningeuliza swali moja dogo: kwa friza ya -20, umeme wetu, joto letu na vichocho vyetu, protini tatu nilizozichagua kwenye vijifuko zinabaki au hazibaki, na kwa muda gani? CD63, akwaporini-2, na moja ya podosaiti, seli za chujio la figo, kwa ajili ya sukari yako. Westani bloti, kile kipimo cha antibodi kinachoonyesha protini kama mstari, inatosha. Sisi huku tuna -80 kila kona, na ukweli hatujui kinachotokea kwenye kliniki isiyo nayo, halafu tunataka kipimo kiende huko. Kama vijifuko havivumilii masaa sita juu ya meza ya kliniki yako, basi hata tukipata bayomaka ya dhahabu haitakufikia.

---

Kwale_Msambweni

Hapo Mtanga umesema. Hiyo ningeisoma.

Ongeza chupa iliyokaa juani kwenye pikipiki kutoka zahanati. Hapo ndipo mkojo husafiri kweli.

---

Dereva_Mstaafu

Marahaba Mtanga, nimeandika hayo kwenye karatasi. Kliniki ni Alhamisi.

---

Mama_Hadubini

Nimerudi baada ya wiki mbili, samahanini, nilikuwa zamu za usiku.

Msimamizi karudi safari. Nilimpelekea wazo, akanyamaza muda mrefu, akasema, "Hii ina majibu hata ukishindwa." Kwake hiyo ni sherehe. Kibali cha maadili inabidi tukiombe upya, na kama kuna sampuli yoyote itavuka mpaka kuna makubaliano ya kuhamisha sampuli kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa hiyo nimeamua hakuna kitakachovuka. Bloti nitafanyia chuoni.

Wakati nasubiri nimeanza na watu watatu waliokubali kucheka: mimi, mume wangu na mdogo wangu. Kila mkojo nimeugawa sehemu sita. Moja kwenye friza ya -80 ya chuo, nilibeba kwenye barafu kavu nikiwa nimeketi nayo dirishani kwenye basi. Moja kwenye -20 bila kuguswa. Moja -20 nikaitoa nje masaa 40 kuigiza ule umeme. Moja jokofu la kawaida. Moja mezani masaa sita. Ya sita, Kwale, ilizunguka mjini kwenye boksi la bodaboda kuanzia saa tano hadi saa kumi. Kijana nilimlipa nauli kamili ya kwenda na kurudi, akaniuliza mara mbili ni nini humo, nikamwambia sampuli, akasema sawa mama, akaendesha kwa adabu sana siku hiyo.

Nilipima joto la boksi aliporudi: nyuzi 39. Mkojo ulikuwa haujafanya mabonge hata kidogo. Ule wa -20 ulioyeyuka na kuganda tena ndio uliokatika kama tui. Sehemu hiyo nimeitia DTT nikaipasha, na mbele ya macho yangu ikawa safi kama maji ya chai hafifu. Nikamwita mwenzangu wa zamu aje aone.

Bloti ya kwanza ni Jumatano. Mtanga, ile antibodi ya CD63, unayeyusha sampuli kwa bafa yenye DTT au bila? Karatasi inasema bila, wewe unatumia ipi?

---

Mtanga_Rotterdam

Bila, kwa CD63. Antibodi nyingi za CD63 haziitambui vifungo vyake vikishakatwa. Kwa TSG101 na akwaporini-2 tia tu. Kwa hiyo jeli mbili, dada, na ile sehemu uliyoisafisha kwa DTT usiipimie CD63, chukua ya kando.

Na mwambie mumeo asinywe maji mengi Jumanne, bloti ya maji matupu inakera.